Tochi ya lumeni 10,000, taa ya Bremen na njia ya Jangwani: miezi minane ya kurudi Mwananyamala usiku kwa baiskeli

Nianze na tochi, kwa sababu ndiyo iliyokula hela nyingi na ndiyo inayonitia hasira mpaka leo.

Niliinunua Kariakoo, kwenye duka la vipuri vya pikipiki ambalo pia huning'iniza vikorokoro vya baiskeli mlangoni. Shilingi 45,000, pamoja na betri mbili, chaja na kibano cha kuifungia kwenye usukani. Juu ya boksi wameandika lumeni 10,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Kijana wa dukani aliniwashia mle mle ndani, saa sita mchana, ukuta ukawa mweupe pee. "Dada, ukiwasha hii magari yenyewe yatakupisha." Nikamwamini. Mimi nauza dawa, kila siku nawaonya wateja wasinunue kitu kwa maneno ya boksi, na bado nikamwamini.

Duka letu liko Kisutu. Tunafunga saa tatu usiku, na nikishahesabu mauzo na kuteremsha geti inakuwa saa tatu na robo. Dar hatuna msimu ambao jua litakusubiri. Mwaka mzima linazama saa kumi na mbili na kitu, Juni kwenye na robo, Februari karibu na saa moja kasorobo. Kwa hiyo asubuhi naendesha kwenye jua na kurudi kote ni giza. Nyumbani ni Mwananyamala, nyuma ya hospitali, kama kilomita 7. Kwa nini baiskeli? Daladala za saa hizo zinagombewa hadi madirishani, bodaboda wa usiku anataka 5,000, na daktari alishaniambia habari za presha. Inatosha.

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, ya kike, ina gia tatu, madigadi kamili na keria. Kwenye bomba la chini bado kuna stika ya duka la baiskeli la Bremen, Ujerumani. Kumbuka hiyo stika, nitairudia.

Wiki ya tatu tochi ikanizimikia darajani Salander. Haikufifia wala haikupepesa kuniaga. Ilikuwa inamulika, kisha ikawa haimuliki, na mimi niko katikati ya daraja, kushoto ukingo, kulia daladala iliyochelewa zamu. Dereva alipiga honi moja ndefu na upepo wa gari lake ukanisogeza kwenye ukingo. Nilishuka nikasukuma mpaka ng'ambo, miguu ikitetemeka kama ya mtu aliyekunywa dawa za malaria bila kula.

Kesho yake nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Betri zake ni zile nene zinazoitwa 18650, ndizo hizo hizo zilizomo ndani ya betri za laptop za zamani. Juu ya zangu wameandika 9900 mAh, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inatunza. Hakuna betri ya umbo hilo inayofika huko, zilizo nzuri huishia karibu na 3500. Dukani tuna mizani ya kupimia unga wa dawa. Nikaiweka moja: gramu 28. Fundi laptop wa ghorofa ya pili akaniazima moja aliyoichomoa kwenye laptop mbovu: gramu 45. Zinalingana urefu, zinalingana unene, ukizishika mkononi hutambui haraka, lakini ya kwangu ndani nusu yake ni hewa au kitu nisichotaka kukijua. Ndiyo maana dakika 40 tu na imekwisha. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza habari ya tochi za baiskeli namwambia aende dukani na mizani ya jikoni. Watakucheka, wacheke.

Hata kama betri ingekuwa ya kweli, tochi ile ina ubaya mwingine ambao sikuutambua mpaka niliposimama mbele yake. Mwanga wake ni duara. Nusu unaangukia barabarani, nusu unapaa na kuingia kwenye macho ya watu. Bodaboda anayekuja mbele anakuwashia full kulipiza, sasa hamuoni wote wawili, na kati yenu kuna shimo. Naipa 2 kati ya 10, na hizo mbili ni kwa sababu umeme ukikatika nyumbani tunaitumia kupikia.

Fundi wangu anakaa chini ya mwembe, uchochoro mmoja kabla ya kwetu. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, ana redio, kopo la spoku za kuokoteza, na beseni la maji ya kutafutia pancha. Nilimpelekea baiskeli ikiwa na breki zinazolia. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu", akaigeuza juu chini, akazungusha gurudumu la mbele, kisha akanyamaza. Akalizungusha tena.

"Hii umeinunua lini?"

"Mwaka juzi, mzee."

"Na umenunua na taa?"

Nikamweleza habari ya tochi, bei na yote. Akacheka mpaka akaweka spana chini. Akanishika mkono akauweka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la mbele. Ni nene kuliko ya nyuma kwenye baiskeli nyingi, mara mbili hivi, na pembeni yake kuna vijiti viwili vya shaba ambako waya zilikuwa zimekatwa na mtu fulani safarini kati ya Bremen na bandari ya Dar. Ukizungusha gurudumu kwa mkono unasikia vikwazo vidogo vidogo, tiki tiki tiki, kama sumaku zinazobishana. "Baiskeli yako ina umeme wake, mwanangu. Volti sita, wati tatu. Miaka miwili unaupaka oili tu."

Wenye umri wangu mnaikumbuka dainamo ya Phoenix, kile kichupa kinachosugua tairi, kinapiga kelele na kukufanya uone unapanda mlima. Ukisimama tu, taa nayo imekufa. Hii ya ndani ya habu ni kitu kingine. Huisikii, uzito wake kwenye pedali hauutambui, tairi likilowa haitelezi. Mzee alikuwa na taa ya mbele aliyoivua kwenye baiskeli nyingine ya Ujerumani iliyopinda fremu. Kwenye kioo chake kuna alama ya kiwimbi na herufi K, ndiyo alama yao ya kuonyesha imekubaliwa na sheria, na sheria yao haitaki taa ya baiskeli immulike machoni mtu anayekuja mbele. Ukiielekeza ukutani unaona mwanga umekatwa juu kama kitambaa kilichopigwa pasi. Chini ya mstari kunang'aa, juu ya mstari giza. Taa 15,000, kuunga waya na breki 7,000.

Usiku wa kwanza nilidhani nimeonewa tena, kwa sababu haina ule ukali wa tochi. Nilipofika kwenye tuta la kwanza la mtaani, yale matuta ambayo hayajapakwa rangi na yanakuja bila taarifa, nikaliona likiwa mbali, limelala, na kivuli chake nyuma. Tochi ya lumeni 10,000 ilikuwa inaonyesha matuta yote yakiwa bapa. Hii inamulika kutoka chini na mbele, kwa hiyo kila shimo lina kivuli. Na nikisimama kwenye mataa inaendelea kuwaka dakika kadhaa, kuna kitu ndani kinachotunza umeme kidogo. TANESCO wakate wasikate, mimi taa ninayo. 9 kati ya 10. Moja nimeipunguza kwa sababu mwendo wa kusukuma kwa miguu hauitoshi, inapepesa, na kuna sehemu ambazo lazima usukume.

Taa ya nyuma niliinunua mwisho, kwa bei ndogo kuliko vyote, 8,000, na kama ningeanza upya ndiyo ningeinunua kwanza. Mbele naona mwenyewe, kwa taabu lakini naona. Nyuma siwezi kufanya chochote, pale maisha yangu yako mikononi mwa dereva. Ni taa nyekundu ya kawaida yenye vibalbu vitatu, inatumia betri mbili ndogo za rimoti, na hilo ndilo lililonifanya niichague badala ya zile za kuchaji. Betri za rimoti zinauzwa kila genge, hata saa nne usiku. Za kuchaji zikikuzimikia njiani huna la kufanya. Naiacha iwake mfululizo. Ile hali ya kumetameta inavuta macho haraka, nakubali, lakini nilimwomba mdogo wangu anifuate na bodaboda akaniambia ikimetameta hajui niko umbali gani, anaona tu kuna kitu. Ikiwaka mfululizo anajua. Niliifunga kwenye keria, nikakuta mkoba wangu unaifunika. Nikaihamishia kwenye madigadi, pale ambapo baiskeli za zamani zilikuwa na baka la rangi nyeupe. Waliozitengeneza walikuwa na akili zao.

Kizibao cha njano, kile cha bodaboda, 5,000. Hapa naomba nisikilizwe vizuri kwa sababu watu wengi wamekivaa na wanadhani wamemaliza. Ile njano kali inang'aa mchana kwa sababu inaligeuza jua. Usiku hakuna jua la kuligeuza, inakuwa nguo tu. Kinachofanya kazi usiku ni ile mistari ya rangi ya fedha, inayorudisha mwanga wa gari kule kule ulikotoka. Sasa mimi nilikuwa navaa kizibao, halafu juu yake nabeba begi la mgongoni. Miezi miwili nimeendesha nikiwa nimefunika mistari yote miwili ya mgongoni kwa begi jeusi. Aliyeniambia ni konda wa daladala, na hakuniambia kwa upole.

Baada ya hapo begi likahamia kwenye keria, na nikanunua kipande cha ule utepe mwekundu na mweupe wanaobandika kwenye malori. Mita moja. Nikakata vipande, nikabandika kwenye pedali, kwenye rimu, na vingine nikavishona kwenye mikanda miwili ya kufungia suruali kwenye vifundo vya miguu. Kuna utafiti uliofanyika Australia ulioonyesha kwamba usiku dereva humtambua mwendesha baiskeli mapema zaidi akivaa vitu vya kung'aa magotini na kwenye vifundo kuliko akivaa kizibao peke yake. Ukifikiria ni kweli. Kitu kinachopanda na kushuka, kupanda na kushuka, macho yanajua ni mguu wa mtu kabla kichwa hakijauliza. Mdogo wangu aliniona kutoka mwisho wa mtaa na akasema naonekana kama vijini viwili vinacheza.

Elementi (ndiyo, najua ni helmeti, lakini mtaani kwetu ni elementi) sina la kusema sana. Navaa ushungi mwembamba chini yake, nimelegeza mkanda, inakaa. Msinunue ya pikipiki, shingo itauma.

Sasa njia, na hapa ndipo nilipopoteza miezi. Mtu asiyeijua Dar atadhani kutoka mjini kwenda Mwananyamala kuna njia kumi. Kwa baiskeli zipo tatu, kwa sababu kati ya mjini na Kinondoni kuna bonde la mto Msimbazi, na bonde lile huvuki popote upendapo. Utapita Salander, au baharini kwa daraja la Tanzanite, au utashuka Jangwani kwa Barabara ya Morogoro. Kigogo nako kunapitika, ila kwangu mimi ni kuzunguka mno.

Salander ndiyo fupi. Barabara ya Ali Hassan Mwinyi moja kwa moja, kituo cha polisi, daraja, halafu nakata kushoto Barabara ya Kinondoni. Dakika 27. Nimeitumia miezi mitatu na kila nikifika nyumbani mume wangu alikuwa ananiuliza kama nimegombana na mtu. Barabara ina taa, magari yana kasi, na baiskeli haina mahali pake. Tangu ujenzi wa njia ya mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yao wenyewe, uanze upande huo, kilichokuwa ukingo wa kujibania kimekuwa vizuizi, vumbi na michepuko inayobadilika kila wiki. Mchana unaona. Usiku unakuta leo njia imehamia kulia na hukuambiwa.

Tanzanite ni nzuri, nisiseme uongo. Kilomita moja juu ya maji, limefunguliwa 2022, lina njia pana ya waenda kwa miguu pembeni, na mataa kote. Unatoka mjini kwa Ocean Road, ambayo tangu 2013 ina jina la Barack Obama lakini sijasikia konda akilitaja, unapita hospitali ya Aga Khan, unapanda daraja. Wanaopiga picha wanakupisha ukigonga kengele. Wakati wa kaskazi upepo unakuja wa uso na unaendesha kana kwamba kuna mtu amekushika shati. Upande wa pili ni Oysterbay, ukuta na mlinzi, ukuta na mlinzi, kimya. Shida ni kwamba umefika Oysterbay na wewe unakaa Mwananyamala. Lazima urudi uivuke Ali Hassan Mwinyi, na kuivuka ile barabara saa tatu na nusu usiku ukisukuma baiskeli ni safari nyingine ndani ya safari. Dakika 44. Naipita Ijumaa, nikiwa sina haraka, au siku nikitaka kunusa bahari.

Jangwani nilikatazwa. "Pita popote," mume wangu alisema, "Jangwani usiku hapana." Na mimi mwenyewe niliogopa. Pale chini bondeni kunakuwa na giza, pembeni majani, na kila mtu mjini ana hadithi yake ya simu iliyopokonywa Jangwani. Isitoshe mimi ni Simba, na kupita makao ya Yanga usiku peke yangu siyo jambo dogo.

Lakini kila nilipoitazama ramani niliona kitu kimoja. Mwendokasi wa awamu ya kwanza, ule ulioanza 2016, haukujengewa njia ya mabasi tu. Pembeni mwa Barabara ya Morogoro waliweka njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, imenyanyuliwa, imetengwa na magari kwa ukingo wa zege. Na mradi ule haukwenda Kimara peke yake. Magomeni una tawi linalokata Barabara ya Kawawa, Mkwajuni, Mwanamboka, Kinondoni A mpaka Morocco. Mwanamboka! Pale mimi nakata kushoto naingia Mwananyamala na niko kwetu. Yaani sehemu kubwa ya njia yangu ya kwenda nyumbani ilishajengwa miaka yote hiyo, na mimi niko Salander nagombana na daladala. Mwaka 2018 jiji lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, la kwanza Afrika kuipata, na UWABA, chama cha waendesha baiskeli wa hapa Dar, kilishadai njia hizi kabla mimi sijajua kubadili gia.

Nikaanza asubuhi, nikaendesha wiki nzima mchana kuisoma. Nawashauri wote mfanye hivyo kabla ya kupita njia mpya usiku. Nilijua chemba ipi haina mfuniko (kuna mahali nilikuta tawi la mti limechomekwa ndani kama onyo, na hilo tawi ndiyo alama yangu mpaka leo). Nilijua wapi njia inakatika bila sababu na inabidi ushuke. Nilijua Magomeni muuza chipsi anaweka jiko lake katikati ya njia kuanzia saa kumi na mbili, na kwamba ukimwambia "Habari ya kazi, kaka" anavuta ndoo yake ya mafuta bila maneno, ukimpigia kengele hasogei. Bodaboda wanapanda juu ya njia yetu na wengine wanakuja kinyume bila taa. Hao ndio hatari kubwa, kuliko vibaka. Nimejifunza kuendesha upande wa ukuta na kuacha upande wa barabara wazi kwa ajili yao.

Giza la Jangwani likabaki. Nikalipatia dawa kwa bahati. Usiku wa kwanza nilifika Faya saa tatu na nusu nikasimama, nikitafuta ujasiri, pale ambapo Mtaa wa Msimbazi unakutana na Morogoro. Likatokea guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, kutoka Kariakoo, tupu, matenga ya nyanya yamepangwa hadi juu, na nyuma limening'inizwa CD ya zamani kuwa ndiyo kiakisi mwanga. Halafu la pili. Halafu baiskeli mbili za wauza kahawa. Wote wanashuka Jangwani kurudi Magomeni na Mkwajuni, kila siku, saa ile ile, kwa sababu ndiyo saa biashara inafungwa. Nikaingia nyuma ya guta la kwanza. Mwendo ni wa pole, unaongezeka labda dakika sita. Katikati ya bonde tulikuwa watu saba. Sijawahi tena kupita peke yangu, na sijawahi kuona kibaka anayependa watu saba.

Dakika 35 kwa jumla, kama sikukosa msafara. Nikiukosa, nikifika Faya saa nne kasoro, napita Salander na kuomba dua. Masika nayo ni habari nyingine. Kila mtu anajua utani kwamba Msimbazi ikifurika Jangwani inazama. Mwendokasi wenyewe husitisha safari pale maji yakipanda. Hata yakiwa ya kufika kwenye rimu tu msiingie, kwa sababu maji hayakuonyeshi chemba ipi imeibwa mfuniko. Aprili nilipita Salander siku kumi na moja.

Mwenye lile guta ananiita "dada taa". Mwezi uliopita nilimnunulia taa ya nyuma kama yangu, ya 8,000, pamoja na betri. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiwasha, akaizima, akaitia mfukoni. Nikamwuliza mbona haifungi nyuma.

"Nitaiwasha tukifika kule chini, dada. Huku juu kuna mwanga, kwa nini nimalize betri?"

Tuliposhuka bondeni aliitoa, akaiwasha, akaishika kwa meno, inamulika mbele.